KIOO KINACHOKITAMBUA KIDOLE

Simu ya kupangusa imekwisha kuwa chombo cha nyumbani, kama ilivyokuwa redio katika siku za wazee. Askari aliye kambini huitumia kuwajulia hali wazazi wake walioko kwenye vilima vya Buraza, kusini mwa mji wa Gitega. Mke wa polisi huitumia kupokea fedha za matumizi. Mfanyabiashara wa Muyinga huitumia kuuliza bei ya mchele ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Hata sensa ya watu, makazi, kilimo na mifugo iliyofanyika Burundi mwaka 2024 haikuandikwa tena katika madaftari, bali makarani walipita kilima kwa kilima wakiwa na vishikwambi, wakigusa kioo kwa kila jibu walilopewa.

Hata hivyo, kuna jambo linaloshangaza wengi. Kioo kile kile kinachoitii mara moja ncha ya kidole cha mtoto wa shule, mara nyingine hukikataa kidole cha babu yake aliyeshika jembe kwa miaka hamsini. Mzee hugusa, kioo kikanyamaza. Hugusa tena kwa nguvu, kikazidi kunyamaza. Mwishowe humkabidhi mjukuu simu ili ambonyezee, na pamoja na simu humtajia namba yake ya siri. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtu asiyeweza kukigusa kioo chake mwenyewe hana siri tena, na fedha zake zimo katika uaminifu wa mwingine.

Watu husema kuwa huo ni ushamba wa mzee, au ni ubovu wa simu. Kwa kweli mara nyingi si hili wala si lile. Sababu yake imo ndani ya kioo chenyewe, katika mistari ya umeme isiyoonekana kwa macho ambayo mafundi huiita elektrodi. Jinsi mistari hiyo ilivyochorwa ndiyo huamua ni kidole cha nani kitakachosikilizwa.

MTANDE NA MSHINDIO

Aliyewahi kumtazama mfumaji kazini atafahamu upesi muundo wa kioo hiki. Katika kitambaa kuna nyuzi za mtande zinazokwenda wima na nyuzi za mshindio zinazopita kati yake. Kadhalika, chini ya kioo cha simu kuna mistari ya elektrodi iliyolala na mingine iliyosimama. Mistari hiyo hupishana bila kugusana, kwa sababu katikati yake kuna utando usiopitisha umeme.

Kila mahali mistari miwili inapopishana huzaliwa kitu ambacho wataalamu hukiita kapasita, yaani kijighala kidogo cha umeme. Akili ya simu hupeleka umeme mdogo mno katika mstari uliolala, kisha husikiliza ni kiasi gani kimeufikia mstari uliosimama. Mtu asipogusa, kiasi hicho hubaki kile kile. Kidole kinapokaribia, mambo hubadilika. Mwili wa binadamu umejaa maji yenye chumvi, nao hupitisha umeme vizuri. Kwa hiyo kidole huvuta sehemu ya nguvu iliyokuwa ikitoka mstari mmoja kwenda mwingine, na mstari unaosikiliza hupokea pungufu. Upungufu huo ndio mguso. Wala haihitajiki nguvu ya kubonyeza. Ndiyo maana mzee anayekikandamiza kioo kwa hasira hapati faida kubwa kuliko anayekigusa taratibu.

Tuseme kioo kina mistari 12 iliyosimama na 20 iliyolala. Mistari yote ni 32 tu, lakini mahali inapopishana ni 240, na simu huvikagua vituo vyote hivyo mara nyingi katika kila sekunde moja. Kituo kimoja na kingine huwa vimeachana kwa milimita 4 hadi 6 hivi. Mtu angeweza kudhani kuwa simu haiwezi kutambua jambo dogo kuliko hapo, lakini kidole ni kipana. Kinapotua hugusa vituo kadhaa kwa pamoja, kimoja kwa wingi na vingine kwa uchache, na simu hupima wingi huo na kutafuta katikati yake. Kwa njia hiyo huweza kujua mahali pa mguso kwa usahihi unaopungua milimita moja.

KUTOKA WAYA HADI UMBO LA URU

Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya serikali ya utafiti wa rada huko Malvern, alitangaza kioo cha kuguswa ambacho nia yake ilikuwa kuwasaidia waongozaji wa ndege. Alitandaza waya nyembamba juu ya kioo cha mashine, na kila waya ulikuwa kama kitufe kimoja. Muongozaji, badala ya kuandika jina la ndege, aligusa mahali lilipoandikwa.

Mwaka 1971 Mmarekani Sam Hurst wa Chuo Kikuu cha Kentucky alifuata njia nyingine. Chombo kilichotokana na kazi yake hutumia tabaka mbili zinazogusana pale zinapobonyezwa. Kioo cha namna hiyo hakijali kama kinachobonyeza ni kidole, kalamu au kijiti, bali hutaka nguvu tu. Hadi leo vioo vya aina hiyo vimo katika baadhi ya mashine za madukani na viwandani.

Karibu na wakati huo, katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, Frank Beck na Bent Stumpe walikuwa wakitafuta namna ya kuendesha mtambo mkubwa bila kujaza ukuta mzima kwa vitufe. Mwezi Machi mwaka 1972 Stumpe aliandika pendekezo lake kwa mkono. Alichonga mistari ya shaba juu ya kioo, kila mmoja ukiwa na upana wa sehemu 80 za elfu moja ya milimita, na nafasi kati yake ikiwa kiasi hicho hicho. Wembamba huo, ulio kama unene wa unywele, uliifanya mistari isionekane kwa urahisi. Vioo hivyo viliingia kazini katika chumba cha kuongozea mtambo wa SPS mwaka 1976.

Vioo hivyo vya mwanzo vilikuwa na upungufu mmoja. Vilijua vizuri kidole kimoja tu, nacho mahali palipopangwa. Ukiweka vidole viwili juu ya kioo kinachopima kila mstari peke yake, mistari miwili iliyolala itasema, "Nimeguswa," na miwili iliyosimama itasema hivyo hivyo. Lakini mistari minne hiyo hupishana mahali panne. Mahali pawili ni pa vidole vya kweli, na pawili ni pa vivuli, na simu haiwezi kuvitofautisha. Dawa yake ilikuwa kukagua kila kituo cha kupishana kwa zamu yake, kama ilivyokwisha elezwa hapo juu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ilipofika mwaka 2007, kampuni ya Apple ilipotoa simu yake ya iPhone, wanunuzi wa kawaida walianza kuzoea kuikuza picha kwa vidole viwili.

Ndipo mchoro wa elektrodi ukawa kazi ya ufundi mkubwa. Mistari iliyonyooka ina kasoro, kwani inapopishana hufunikana kwa eneo kubwa, na umeme mwingi hubaki chini ambako kidole hakiwezi kuufikia. Kwa hiyo wachoraji wengi waliacha mistari mitupu wakachora mlolongo wa vipande vyenye umbo la uru katika karata, vilivyounganishwa kwa shingo nyembamba. Shingo hupishana na shingo, basi eneo la kufunikana likawa dogo. Vipande vya uru vya safu hii vikakaa katika nafasi zilizoachwa na vya safu ile, karibu kioo chote kikawa kimejaa, na umeme ukapata njia ya kupanda juu hadi kwenye kidole. Katika nafasi chache zilizobaki huwekwa vipande bubu visivyounganishwa na chochote, ili macho yasione tofauti kati ya palipo na elektrodi na pasipokuwa nayo. Hata hivyo, mwenye simu akiizima na kuiinamisha juani, mara nyingine ataiona michoro hiyo kwa mbali.

BATI LA ENEO LA MAZIWA MAKUU

Swali linalofuata ni la haki: mtu atapata wapi kitu kinachopitisha umeme kama chuma na kupitisha mwanga kama kioo? Jibu lililotumika zaidi kwa miaka mingi ni mchanganyiko wa oksidi mbili, takriban sehemu 90 kwa 100 za indiamu na sehemu 10 za bati, zikihesabiwa kwa uzito. Mchanganyiko huo hupakwa juu ya kioo kwa unene unaoweza kuwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukipakwa mnene zaidi hupitisha umeme vizuri, lakini huanza kuonekana wa manjano na huzuia mwanga. Ukipakwa mwembamba mno hung'aa, lakini umeme huchoka njiani kabla ya kufika mwisho wa mstari. Mchoraji wa elektrodi hufanya kazi yake yote kati ya mashaka hayo mawili.

Indiamu ilivumbuliwa mwaka 1863 huko Freiberg, Ujerumani, nayo hupatikana zaidi kama masalio wakati wa kusafisha zinki, yaani madini yale yale yanayopakwa juu ya mabati ya nyumba ili yasishike kutu. Ama bati lenyewe, hilo si geni katika nchi hizi. Madini yake huitwa kasiterite, na hupatikana katika ukanda mmoja wa miamba ya kale unaopita Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania, Rwanda, Burundi na Kivu katika Kongo. Nchini Burundi huchimbwa Kabarore, upande wa Kayanza, na Murehe, upande wa Kirundo. Tangu mwaka 2014 mpango wa kufungia lebo magunia ya madini ulianza Burundi, ili mnunuzi aweze kujua shimo lilikotoka gunia na kuhakikisha kuwa fedha zake hazinunui bunduki za wavunja amani.

Yafaa ukweli usemwe bila kutia chumvi. Bati lililomo katika utando wa kioo ni dogo mno. Utando mmoja wa simu ya kawaida una uzito wa miligramu 7 hivi, na bati lake halifiki miligramu moja. Kilo moja ya bati yaweza kutosha tando za namna hiyo zaidi ya milioni moja. Bati jingi zaidi la simu hutumika katika kulehemu vipande vyake vya ndani. Hata hivyo, bila chembe hiyo ndogo utando huo usingepitisha umeme unavyotakiwa. Mikono inayochimba kasiterite kwa sururu na kuiosha katika karai ni mikono yenye sugu, sawa na ile ya mkulima wa Buraza. Hao ndio ambao mara nyingi kioo huwakataa.

KWA NINI KIOO HUKIKATAA KIDOLE

Sugu ni ngozi iliyokufa, kavu na nene. Maji ya mwili yako mbali chini yake. Kidole kilichovaa sugu ni kama kidole kilichoinuliwa juu kidogo ya kioo, kwani huvuta umeme mchache, na upungufu unaopatikana hauvuki kiwango ambacho simu imewekewa. Simu zote huwekewa kiwango cha namna hiyo, maana bila hicho kila tone la mvua na kila inzi angekuwa mguso. Tatizo huja pale kiwango kinapowekwa kwa kupima vidole laini vya watu wa ofisini, na chombo hicho kikapelekwa kwa wakulima, waashi na wachimba madini.

Wachoraji wana njia za kulirekebisha jambo hilo. Wanaweza kupanua vipande vya elektrodi, kupunguza unene wa kioo cha juu, au kuongeza wepesi wa kusikia kwa programu. Lakini kila njia ina gharama yake. Simu inayosikia upesi husikia pia maji na kelele za umeme. Tone la maji likitua juu ya kioo huunganisha umeme wa vituo jirani, na simu huweza kudhani kuwa ni kidole. Simu nyingi za siku hizi hupima kwa namna mbili, kituo kwa kituo na mstari kwa mstari, kisha hulinganisha majibu. Maji yasiyoshikana na mwili wa mtu hujibu tofauti katika vipimo hivyo viwili, na kwa hivyo huweza kutambuliwa na kupuuzwa.

Kwa askari na polisi jambo hili ni la kazi. Aliye lindoni usiku wa mvua, amevaa glavu nzito, hawezi kutegemea kioo cha kawaida kama anavyotegemea kitufe cha redio yake. Baadhi ya simu zina mpangilio wa glavu unaoongeza wepesi wa kusikia, na kuna glavu zilizoshonwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme katika ncha za vidole. Palipo na maji mengi, kitufe cha kubonyeza bado ni rafiki mwaminifu zaidi.

MAARIFA YA NYUMBANI

Kutokana na maelezo hayo, jamaa wa nyumbani waweza kujipatia faida kadhaa.

Kwanza, mzee mwenye sugu asikandamize kioo. Na alowanishe ncha ya kidole kidogo tu, kisha aifute isidondoshe maji, au atumie ubavu wa kidole, au kidole cha mwisho, ambapo ngozi ni laini zaidi. Mafuta ya kulainisha mikono, yakipakwa usiku, husaidia baada ya siku chache. Kadhalika, jamaa na watazame katika mipangilio ya simu kama kuna sehemu ya kuongeza wepesi wa mguso. Lililo muhimu ni mzee aandike namba yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, simu ikianza kujigusa yenyewe inapochajiwa, kurasa zikifunguka ovyo, isituhumiwe uchawi. Chaja duni huingiza kelele za umeme ndani ya simu, na kelele hizo hufanana na mguso. Ichomolewe chaja, na simu ikitulia, basi mkosaji ni chaja. Hasa mtu asitume fedha wakati kioo kina hali hiyo, kwani tarakimu moja iliyoguswa kimakosa yaweza kupeleka mshahara wa mwezi kwa mgeni.

Tatu, simu iliyolazwa juu ya mkeka au meza ya mbao mara nyingine husikia vibaya kuliko iliyoshikwa mkononi, kwa sababu mkono unaoishika huikamilishia umeme njia yake. Simu ikisumbua mezani, na ishikwe.

Nne, kioo kikipasuka, na mstari mzima wa kioo ukafa kutoka upande huu hadi upande ule, maana yake elektrodi imekatika, kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatwa katikati. Kupiga kioo hakutaiunga. Hapo pana kazi ya fundi, tena fundi mwenye kioo kizuri, kwani kioo cha bei rahisi chaweza kuwa na mchoro duni usioelewana na simu.

Tano, kioo kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, simu ikiwa imezimwa. Mchanga, petroli na sabuni kali hukwaruza na kuondoa utando wa juu unaozuia mafuta ya vidole. Kukifuta kioo ni jambo la usalama pia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa alama za mafuta zilizobaki juu ya kioo zaweza kumfichulia mwizi mchoro wa kufungulia simu. Hili polisi watalielewa haraka kuliko wengine.

Sita, watoto wapewe jaribio dogo la jioni. Waguse kioo kwa kijiti kikavu, kisha kwa ndizi mbivu iliyomenywa na kushikwa mkononi. Kijiti hakitafanya kitu, lakini ndizi itafungua kurasa kama kidole, kwa kuwa nayo imejaa maji na chumvi na imeungana na mkono wa mtoto. Baada ya hapo kioo kifutwe, na ndizi iliwe. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake atakuwa ameelewa siri ya kapasita kabla hajafika darasa linalofundisha neno lenyewe.

Ujuzi wa kuchora elektrodi si wa miujiza. Ulianza kwa waya juu ya kioo cha rada, ukapita katika mistari ya shaba, ukafika katika umbo la uru, na leo baadhi ya viwanda vinarudi tena kwenye nyavu za chuma nyembamba kuliko zile za Stumpe. Vijana wa Gitega na Muyinga wanaosomea ufundi wa umeme wanaweza kuujifunza kama wenzao wa kwingine. Na wakiisha kuujifunza, wasisahau kupima kazi yao kwa vidole vya baba zao kabla ya kuipima kwa vidole vyao wenyewe.